Namna ya Kuendesha Kozi ya Shahada Ndani ya Chuo cha Ufundi

Wazazi wengi bado wanaamini kwamba shahada hutolewa na chuo kikuu peke yake, na kwamba chuo cha ufundi humfikisha kijana kwenye stashahada kisha humwachia mlango wa kutokea. Kwa Tanzania hali haiko hivyo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ilianza mwaka 1957 ikiwa taasisi ya ufundi, na Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa ajili ya mafundi. Leo vyote viwili vinatunuku shahada za uhandisi bila kuitwa vyuo vikuu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara na Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka navyo vimo katika kundi hilo. Vyuo hivi vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, ambalo chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1997. Tuzo zake zimepangwa kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi: ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu, ya 8 ni shahada, na juu yake kuna uzamili na uzamivu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkuu wa idara au mratibu wa kozi ambaye chuo chake kimezoea kufundisha hadi ngazi ya 6 na sasa kinataka kupanda hadi ya 8. Nimefanya kazi hiyo, na kosa nililoliona likirudiwa mara nyingi kuliko mengine yote ni kuichukua stashahada, kuiongezea miaka, kubaki na ratiba ileile, wakufunzi walewale na maswali yaleyale, kisha kuandika neno shahada kwenye cheti. Mwanafunzi anayepitia kozi ya namna hiyo hulipa ada ya miaka mingi na kutoka akiwa fundi sanifu aliyechelewa kuingia kazini.

Anza na kazi ya mwanafunzi

Kabla ya kuandika mtaala, ketini idarani mjiulize ni nini hasa mwanafunzi wa ngazi ya 8 atakifanya ambacho wa ngazi ya 6 hatakiwi kukifanya. Jibu lisiwe la maneno makubwa. Chukueni zoezi moja la karakana mnalolijua wote, mliandike kwa ngazi zote mbili.

Sisi tulichukua zoezi la kupima nguvu ya zege. Mwanafunzi wa stashahada anachanganya saruji, mchanga na kokoto kwa uwiano wa 1:2:4, anajaza vikasha vya chuma vyenye pande za milimita 150, anashindilia, anafungua kesho yake na kuzamisha miche ile ya zege kwenye tangi la maji. Baada ya siku 28 anaipeleka kwenye mashine ya kubana. Tuseme mche umepasuka kwa kilonyutoni 340. Anagawanya kwa eneo la uso wake, milimita za mraba 22,500, anapata nyutoni 15 na ushei kwa kila milimita ya mraba, anaona kwamba lengo lilikuwa 20, anaandika kwamba zege halikufikia kiwango. Kwa ngazi ya 6 kazi imekamilika, tena imekamilika vizuri, kwa sababu amefuata utaratibu na hakudanganya namba.

Kwa mwanafunzi wa shahada, hapo ndipo zoezi linapoanza. Anatakiwa arudi kwenye lundo la mchanga. Je, ulikuwa umelowa mvua ya usiku, na kama ulilowa, ni nani aliyepunguza maji ya kuchanganyia? Au wenzake waliongeza ndoo nusu ya maji ili zege liwe laini kwa koleo? Anachukua mchanga kidogo, anautia kwenye chupa ya kioo yenye maji na chumvi, anatikisa, anauacha utulie, kisha anapima kwa rula tabaka la tope lililokaa juu ya mchanga. Anachagua sababu moja anayoishuku, anaandaa mchanganyiko wa pili akibadilisha kitu hicho kimoja tu, anasubiri tena siku 28, na mwishoni anasimama mbele ya wenzake kutetea hitimisho lake. Akikosea dhana yake lakini akaonyesha kwa vipimo kwamba amekosea, mpe alama nzuri.

Angalia jinsi zoezi hili moja linavyoamua mambo ya utawala. Likihitaji siku 28 mara mbili, haliwezi kupangwa katika wiki ya kumi ya muhula wenye wiki 15. Lazima zege la kwanza limwagwe wiki ya pili, lipasuliwe wiki ya sita, la pili limwagwe wiki ya nane, lipasuliwe wiki ya kumi na mbili. Saruji ya kutosha inunuliwe kabla wanafunzi hawajafungua, na fundi wa maabara asipangiwe likizo katikati. Ukiandika mtaala bila kupitia zoezi kama hili, utapata karatasi nzuri ambayo karakana haiwezi kuitekeleza.

Hesabu saa, kisha tafuta mahali pa kukaa

Kipimo cha kozi ni krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukihesabu darasani, karakanani na za mwanafunzi mwenyewe. Mwaka wa masomo una krediti 120, yaani saa 1,200. Moduli, yaani somo moja la kozi, ya krediti 12 basi ni saa 120. Ukimfundisha saa 4 kwa wiki katika wiki 15, umetumia saa 60. Saa 60 zilizobaki ni zake kusoma, kuandika na kurudia majaribio.

Hapo ndipo vyuo vingi vya ufundi vinapokwama, kwa kuwa vimejengwa kwa mazoea ya kumweka kijana darasani au karakanani tangu asubuhi hadi alasiri, kipindi baada ya kipindi, kama shule. Mwanafunzi wa shahada akipangiwa vipindi saa 35 kwa wiki hatasoma chochote ambacho hakusomewa. Punguza vipindi. Na ukishavipunguza, jiulize saa zile atazitumia wapi. Maktaba inayofungwa saa kumi jioni, pale wanafunzi wanapotoka karakanani, haimsaidii mtu. Katika chuo kimoja nilichofundisha tuliomba maktaba ifunguliwe hadi saa tatu usiku, na kikwazo kikaonekana kuwa ni taa moja ya njiani na posho ya mlinzi. Ilichukua muhula mzima kulipatia ufumbuzi. Mambo ya namna hii yaingizwe kwenye bajeti ya kozi tangu siku ya kwanza, pamoja na intaneti inayofika mahali wanapokaa, si ofisini peke yake.

Usitangaze kabla ya kibali

Hatua za kisheria zinajulikana, nami sitazirefusha. Chuo kiwe na usajili na ithibati, kifanye utafiti wa mahitaji ya soko la ajira, kiandae mtaala unaozingatia umahiri kwa kushirikiana na wadau, na mtaala uidhinishwe na NACTVET kabla ya kupokea mwanafunzi. Udahili wa ngazi ya shahada unaratibiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hata kwa vyuo ambavyo si vikuu, kwa hiyo kozi isiyoonekana katika mwongozo wa udahili wa TCU haina njia halali ya kupata wanafunzi. Kwa fani zenye bodi za kitaaluma, kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi au NBAA kwa wahasibu, wasiliana na bodi mapema, mtaala ukiwa bado rasimu, kwa sababu mhitimu ambaye shahada yake haitambuliwi na bodi ya fani yake amefungiwa mlango ambao aliambiwa uko wazi.

Ninalisisitiza jambo hili kwa uchungu. Nimewahi kukutana na vijana waliopokelewa na chuo kimoja kwa matangazo ya redio wakati kibali kilikuwa bado njiani. Walikaa miezi wakiitwa wanafunzi bila namba ya usajili. Baba wa mmoja wao alikuwa ameuza ng'ombe. Haraka ya chuo isilipwe na mzazi.

Wenzetu wa Uingereza walipita njia nyingine. Huko vyuo vya elimu ya kati vimefundisha masomo ya elimu ya juu kwa miaka mingi, na mwaka 2001 ilianza shahada ya msingi (foundation degree), iliyo chini ya shahada kamili, ambayo kwa kawaida husomwa miaka miwili kwa wanafunzi wa kutwa na huunganishwa kwa karibu na kazi. Mara nyingi chuo hufundisha, na chuo kikuu mshirika ndicho kinachoidhinisha kozi na kutoa tuzo. Sheria ya mwaka 2007 iliviruhusu vyuo hivyo kuomba mamlaka ya kutunuku shahada ya msingi vyenyewe. Kwetu chuo chenye ithibati hutunuku chenyewe chini ya mfumo wa NTA. Uhuru huo una gharama yake, kwa maana hakuna chuo kikuu nyuma yako kitakachokwambia kwamba mtihani wako ulikuwa mwepesi. Wajibu wa kulinda kiwango uko mikononi mwa idara.

Mkufunzi na mhadhiri

Kiswahili kina maneno mawili hapa. Mkufunzi hufundisha chuo cha kati. Mhadhiri hufundisha elimu ya juu. Kozi ya shahada inapoanza, mkufunzi mmoja anatakiwa kuwa yote mawili, pengine asubuhi akiwa ngazi ya 5 na mchana ngazi ya 8, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kama anahitaji msaada.

Anayefundisha shahada awe na uzamili katika fani husika. Hilo halina mjadala. Lakini cheti peke yake hakitoshi. Mhadhiri anahitaji muda wa kusoma yanayoendelea katika fani yake, na muda huo uandikwe kwenye ratiba kama kipindi kinavyoandikwa, la sivyo utaliwa na vikao na kusimamia mitihani. Mkufunzi mwenye vipindi 24 kwa wiki hawezi kumsimamia mwanafunzi wa mradi kwa uaminifu. Ukimpa moduli mbili za shahada, mwondolee sehemu ya mzigo wa ngazi za chini, na uliseme wazi mbele ya idara ili wenzake wasione kwamba amependelewa.

Usimdharau mkufunzi mzee wa karakana asiye na uzamili. Anayejua kwa kusikia mlio tu kwamba beringi ya pampu inakufa ana elimu ambayo mwanafunzi wa shahada anaihitaji. Mpange pamoja na mhadhiri katika zoezi la karakana, mmoja aonyeshe, mwingine aulize kwa nini, na jina lake liandikwe kwenye ratiba ya moduli. Niliona darasa likibadilika kabisa siku fundi wetu wa maabara alipoulizwa na mwanafunzi, mbele ya mhadhiri, kwa nini alikataa kuwasha mashine, naye akaeleza kwa dakika kumi bila kutumia neno hata moja la kitabuni. Mhadhiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika.

Ninyi mlioingia kwa milango miwili

Darasa la shahada katika chuo cha ufundi huwa na vijana wa aina mbili. Wapo waliotoka kidato cha sita, ambao sharti la chini la jumla kwao ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Na wapo waliotoka stashahada, ambao kwa kawaida wanatakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Wa kwanza anajua kukokotoa fomyula ndefu kwa kalamu na hajawahi kushika bisibisi ya kupimia umeme. Wa pili amefunga nyaya za nyumba nzima na hesabu za kalkulasi zinamkosesha usingizi.

Ukiwafundisha kama kundi moja bila maandalizi, wote wawili wataumia, na wa stashahada ndiye atakayeanguka zaidi katika mitihani ya mwaka wa kwanza. Nashauri mambo mawili. Kwanza, wiki tatu au nne za mwanzo kuwe na madarasa ya jioni ya hisabati kwa waliotoka stashahada, na ya karakana kwa waliotoka kidato cha sita, yakifundishwa na watu wazoefu, wala yasiitwe madarasa ya wadhaifu. Pili, katika kila kundi la maabara changanya watu wa milango yote miwili, halafu geuza majukumu: mwenye mkono mwepesi aandike mahesabu, mwenye hesabu ashike kifaa. Wataanza kwa kusuasua. Kufikia katikati ya muhula utawakuta chini ya mwembe wakifundishana.

Kuna pia suala la lugha, ambalo hatulisemi vya kutosha. Kozi inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, wakati mazungumzo yote ya karakana ni ya Kiswahili. Mwanafunzi anayeelewa vizuri kwa nini mota imeungua anaweza kuandika sentensi tatu dhaifu na kupoteza alama za jambo analolijua. Mwache kwanza aeleze kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya kundi, hadi hoja yake inyooke. Kisha aiandike kwa Kiingereza na umsahihishie rasimu ya kwanza bila alama. Ripoti mbili au tatu zikipitishwa hivyo katika mwaka wa kwanza, za mwaka wa tatu zitakuwa zinasomeka.

Mitihani na mtahini wa nje

Chukua mtihani wa stashahada wa moduli inayofanana na ile ya shahada, uweke pembeni ya ule mpya uliotungwa. Swali linaloanza kwa taja, orodhesha au chora likirudi kwenye karatasi ya ngazi ya 8, lifute au lijenge upya. Mahali pa kuuliza hatua tano za kukarabati pampu, mpe mwanafunzi rekodi ya wiki sita ya pampu ya kijiji ambayo maji yake yamekuwa yakipungua, umwambie aamue kipi kikaguliwe kwanza na atetee uamuzi huo akizingatia gharama ya mafuta na umbali wa kupata vipuri.

Mtihani usomwe na mwenzako kabla haujachapwa, na majibu ya mfano yaandikwe mapema. Mtahini wa nje apatikane kutoka chuo kingine chenye kozi hiyo, apelekewe maswali kabla ya mtihani na asome sampuli ya skripti, yaani karatasi za majibu, za waliofaulu sana, wa kati na waliofeli. Usimchague rafiki anayesifia. Mtahini aliyetusaidia kuliko wote alituambia kwamba maswali yetu mawili kati ya matano yalikuwa yale ya miaka miwili iliyopita yakiwa yamebadilishwa namba. Alikuwa sahihi, na wanafunzi walikuwa wanalijua hilo kabla yake.

Mafunzo viwandani yapimwe kwa uzito uleule. Mwanafunzi anapokwenda kiwandani au mamlaka ya maji, asiende na barua ya utambulisho na kitabu cha kumbukumbu peke yake. Aende na swali moja alilokubaliana na msimamizi wake, la kujibiwa kwa data za mahali hapo. Kutokana na swali hilo hupatikana mradi wa mwaka wa mwisho, nawe utaepuka rundo la miradi inayofanana ambayo hurithiwa mwaka hadi mwaka kama nguo za ndugu.

Usiinyonye stashahada

Shahada huvuta macho ya wakuu wa chuo, na bila kujua mtajikuta mmewapeleka wakufunzi bora, vifaa vipya na chumba chenye feni ngazi ya 8, mkawaacha vijana wa ngazi ya 4 na mashine zilizochoka. Nchi inahitaji mafundi mchundo na mafundi sanifu wengi kuliko wahandisi, na wanafunzi wa stashahada ndio watakaokuwa nusu ya darasa lako la shahada baadaye. Kwa hiyo bajeti ya kozi mpya iandikwe kando, na kila robo mwaka ilinganishwe na ile ya ngazi za chini.

Matokeo nayo yatoke kwa wakati. Mwanafunzi wa shahada anaweza kuwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, ambayo huhitaji matokeo ya wanaoendelea ili fedha zao ziendelee, na skripti zinazokaa kabatini kwa mhadhiri mmoja zinaweza kumfanya kijana ashinde na chai ya rangi kwa wiki kadhaa. Weka tarehe ya mwisho ya kusahihisha, ibandike ubaoni, na mkuu wa idara awe wa kwanza kuitimiza.

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, ripoti ya mtahini wa nje ikishafika, itisha kikao cha idara nzima akiwemo fundi wa maabara, mkutubi na wawakilishi wawili wa wanafunzi, mmoja wa kila mlango. Isomeni aya kwa aya. Mbele ya kila hoja andikeni jina la mtu na tarehe, kisha nakala ikae mezani kwa mratibu hadi siku mtahini huyo atakaporudi na kuuliza zege la mara ya pili lilipasuka kwa kilonyutoni ngapi.